Mkono Mpya wa Freni

Fundi alikuwa anaongea chini. Naanza na hilo kwa sababu naona mambo mengine yote yalitoka hapo, ingawa pengine nakosea. Kukiwa na kelele alisubiri iishe. Isipoisha, alisema vilevile kwa sauti ileile ndogo, akakuachia wewe kazi ya kusogea karibu. Na hakurudilia. Ukimwambia, "Fundi, sikusikia," alikutazama kama mtu aliyekupa chakula ukakimwaga, kisha akarudi kwenye moteri.

"Neno si msumari," alikuwa anasema. "Haliongezewi nyundo."

Kwa miaka kumi na moja tulifanya kazi chini ya bati moja, hapa Kasongo, kando ya barabara inayoshuka sokoni. Yeye alikuwa upande wa magari, mimi upande wa mashine ya kushona: viti vya gari, matandiko ya pikipiki, maturubai ya malori. Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari nikaacha. Lakini nina tabia ya kuandika kila siku katika daftari, hata kama hakuna cha kuandika ila mvua, na kwa sababu hiyo watu wa mtaa waliniita mtu wa haki. Waliona mtu anayeandika hawezi kusema uongo. Sifa hiyo sikuiomba, na ilikuja kumdhuru yeye.

Alikuwa na adabu moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Chini ya gari alilala juu ya katoni, na mafuta yalimtiririkia mpaka masikioni bila kujali. Lakini ikibidi aingie ndani, pale watu wanapokaa, alitoka kwanza, akanawa mikono kwa majivu na sabuni ya mawese, akavua sandali zake, ndipo akaingia miguu mitupu. "Ndani ya gari ni chumba cha mutu," alisema. Wateja walicheka. Mwenye gari mwenyewe alikuwa ameingia na matope ya shamba.

Pamoja na adabu hiyo, mapambo hakuyapenda hata kidogo. Mapazia ya dirishani, manyoya ya kufunika dashibodi, taa za rangi, yote aliyafunga akiwa amekunja uso. Mtu mmoja alileta pikapu isiyo na taa ya nyuma ili afungiwe redio. Fundi alifunga redio, ikaimba vizuri. Gari lilipoondoka akaniambia, "Anavaa koti, na suruali imepasuka."

Alikuwa Mwislamu wa kusali sala zote. Alikuwa pia mtu wa kutukana. Visi, yaani skrubu, iliyoshika kutu aliitukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare, taratibu, maneno marefu. Siku moja nilimuuliza kama haogopi, mtu wa swala kama yeye. Akasema malaika wanaoandika dhambi hawakutoka Kabambare, ile lugha hawaijui.

Sasa habari ya vigogo. Mgeni anapaswa kuelewa kwamba huku kwetu freni ya mkono haidumu. Gari linavuka mito, linaburuta tumbo juu ya mawe, tope linaingia kwenye kabule, yaani ule waya mnene unaotoka kwenye mkono wa freni mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Mwaka mmoja, kabule imekatika. Hakuna anayeibadilisha. Mkono unabaki pale katikati ya viti kama kipini cha jembe lisilo na jembe. Kwa hiyo dereva wa Kasongo akisimama mlimani anaweka mguu kwenye pedali na hautoi mpaka mtu ashuke na kutia kigogo nyuma ya gurudumu, au mbele kama gari linatazama chini. Fundi alichonga vigogo hivyo mwenyewe, kwa mti wa mvule, na hakuna gari lililotoka mikononi mwake bila kimoja, bure. "Gari ya Kasongo iko na miguu tano," alisema.

Hayo ni mazuri yake. Nitasema na mengine, ili mizani isilale upande mmoja.

Alikuwa anaonya mara moja tu, kwa sauti yake ile, kisha anafanya unachotaka hata kama si kizuri, na anafanya kwa ustadi wote. Baada ya hapo yeye amenawa. "Nilishasema," basi. Katekista mmoja wa upande wa Wamaza alileta pikipiki ibadilishwe tairi. Fundi alimwambia mnyororo umekwisha, hautafika. Katekista alikuwa anacheka na watu, hakusikia. Mnyororo ulikatika porini, akasukuma pikipiki siku nzima. Wiki iliyofuata alikuja amevimba.

"Fundi, juu gani hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Weye ulikuwa unacheka."

"Na hukuweza kuniita? Kunishika hata mkono?"

"Miye si mama yako, Katekista."

Watu walinigeukia, nikasema kweli, alimwambia, mimi nilisikia. Katekista akaenda zake. Tangu siku ile likawa jambo la kawaida pale kwetu: kukiwa na mabishano, mimi naulizwa, na nikijibu yanaisha. Fundi alilipenda hilo. Mimi pia nililipenda, nisidanganye.

Mkono mpya uliletwa na patroni mmoja wa duka, mwenye pikapu ya kubeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Alitoka nao Bukavu ndani ya sanduku lenye picha. Ulikuwa mkono wa kung'aa kama kijiko cha arusi, wenye kitufe chekundu kwenye ncha na ngozi nyeusi pale kiganja kinaposhika. Ule wa zamani ulikuwa umebaki chuma kitupu, plastiki yake iliisha kitambo.

Fundi aliugeuza mara mbili. "Huu ni wa gari ndogo."

"Hautaingia?"

"Utaingia." Alisubiri lori lipite. "Nunua kwanza kabule, Patroni. Mkono utafuata."

"Kabule, nani ataiona?"

Fundi alikuwa ameshasema. Alinawa, akavua sandali, akaingia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Alipiga msasa ile fimbo ya chuma mpaka ikawa nyeupe. Mkono mpya ulikuwa na tundu pana kuliko fimbo, ukicheza kama jino bovu, basi akakata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha juu ya fimbo kwa kuubana, akapaka maji ya sabuni, akasukuma. Uliingia kwa shida, jinsi alivyotaka. Kijiti cha ndani kinachosukumwa na kitufe kilikuwa kirefu kupita kiasi. Alikikata, akajaribu, akakipunguza tena kidogo kwa tupa. Halafu akabana zile visi ndogo tatu za chini, moja kidogo, nyingine kidogo, akizunguka, ili mkono usikae upande.

Ulipokaa, patroni akauvuta. Ulipanda mwepesi, kwa kuwa haukuwa umeshika kitu.

"Uko kama wa mutoto wa kuchezea," akasema.

Hapo Fundi alifanya kitu ambacho nimekifikiria sana. Alichukua resori, yaani springi, ya pikipiki, akaifunga chini ya fimbo, upande mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye bati la gari. Sasa ukivuta mkono unakuwa mzito, unapanda kwa kelele ya meno yake, tre-tre-tre, na unabaki. Hata mimi nilijaribu. Ulikuwa kama wa gari jipya.

"Inasikilika kama nzima," alisema, na aliridhika. Alikuwa mtu asiyependa kazi yake ikiguswa ionekane legelege.

Halafu ikawa zamu yangu. Pale chini ya mkono kulikuwa na shimo. Ukitazama ndani unaona ardhi, unaona ile resori, unaona na mwisho wa kabule iliyokatika, umefungwa kwa waya usiburute. Vumbi liliingia hapo likawachafua abiria. Patroni akataka niweke sketi ya ngozi kuzunguka mkono. Nilikata vipande vinne vya skai, ngozi ya bandia, nyeusi, nikavishona kwa uzi mwekundu ufanane na kitufe, nikabana chini kwa ukanda wa bati. Ilikuwa kazi safi. Nilifunga lile shimo, na hakuna aliyeweza tena kuona kilicho ndani. Nia yangu ilikuwa vumbi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Dereva alikuja asubuhi ya pili. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi. Alitoka Bukavu wiki ileile, patroni alimwajiri baada ya yule wa zamani kuugua. Alikaa kwenye kiti, akavuta mkono, tre-tre-tre.

"Eh, hii iko na nguvu," akasema. Akapapasa ngozi. "Mushonaji, umetengeneza vizuri kabisa."

Nikamjibu, nikarudi kwenye mashine yangu, maana mtu alikuwa anasubiri tandiko lake. Nilikuwa nakanyaga mashine nilipoinua macho nikamwona Fundi ameinama kwenye dirisha la dereva, mkono wake juu ya mlango, mdomo unatembea. Dereva anatikisa kichwa kukubali. Kisha gari likaondoka. Kigogo kilikuwa kwenye sanduku la nyuma, Fundi alikitia mwenyewe.

Kilichotokea sikukiona. Nilikisikia kwa watu wawili waliokuwa ndani ya gari, nao walikubaliana katika yote ila kama dereva alipiga kelele au hakupiga. Ilikuwa njia ya Kabambare, mtelemko mrefu unaoishia kwenye daraja la magogo. Gogo moja lilikuwa limehama. Abiria wakashuka walirudishe, kama kawaida. Dereva akasimamisha gari juu, moteri ikiwaka, kwa kuwa betri ilikuwa dhaifu na ukizima huwashi tena. Akavuta mkono wa freni, akasikia meno yake, akasikia uzito wake. Akatoa mguu kwenye pedali, akashuka kusaidia, naye akiwa mtu mwema. Huko alikotoka freni ya mkono inashika.

Resori ile ilishikilia mkono. Gari halikushikiliwa na kitu.

Wengine waliruka majini. Mama mmoja alikuwa ameinama, ameshika gogo kwa mikono miwili, mgongo umeelekea mlimani. Aliuza samaki wa kukausha wa kutoka Nyangwe, na mimi mwenyewe nilikuwa nanunua kwake. Hakufika kuinuka.

Kigogo walikikuta nyuma, chini ya vikapu vya mama yule. Dereva alisema alikiona asubuhi, akadhani ni kuni.

Mbele ya chefu, mkuu wa mtaa, tulikaa siku mbili. Patroni alisema, "Miye ni mufanyabiashara, ndani ya gari sijue kitu." Sikupenda neno hilo, lakini niongeze kwamba jeneza alilinunua yeye na msibani alikaa mpaka mwisho. Dereva alilia. Alisema hakuambiwa na mtu. Fundi alisema, kwa sauti yake ndogo, "Nilimwambia." Ilibidi chefu amwombe arudilie, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anarudilia: "Nilimwambia, kwenye dirisha la gari."

Chefu akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Weye ulikuwa pale. Weye ni mutu wa haki, tunakujua. Ulisikia?"

"Chefu, nilikuwa nakanyaga mashine."

"Sikuulize mashine. Ulisikia ao hukusikia?"

"Sikusikia."

Kulikuwa na mguno. Mama wa marehemu, mzee tayari, aliinamisha kichwa kama mtu aliyepata jibu. Nikangoja chefu aulize kama niliona. Hakuuliza. Nikakaa.

Jibu langu lilikuwa kweli tupu. Nimelipima mara nyingi, nalo halina uongo hata wa punje. Lakini lilimaliza kesi. Chefu alisema kosa ni la Fundi. Fundi alitoa mbuzi alioagizwa, na zaidi ya hao hakudaiwa kitu kingine, ila magari yaliacha kuja. Yalipita mbele yetu yakaenda kwa fundi wa upande wa pili. Fundi alikaa wiki kadhaa juu ya katoni yake, anachonga vigogo visivyo na magari. Hakunilaumu. Hakunitazama vibaya hata siku moja, na ingekuwa rahisi zaidi kama angenitazama. Dereva alirudi Bukavu. Halafu siku moja nilikuta vyuma vya Fundi vimeondoka, na jirani akasema amepanda pikipiki na sanduku lake, ameelekea Kabambare.

Miaka minne nilikaa na ule mdomo uliokuwa unatembea. Nilijiambia: ungesema uliona, wangepunguza. Tena nilijiambia: kuona mdomo si kusikia neno, na mtu wa haki hasemi asilolijua. Hoja zote mbili zilisimama, hakuna iliyoanguka. Mke wangu alichoka kunisikiliza. "Enda umuulize mwenyewe," alisema, "ama unyamaze tulale."

Mwezi uliopita nilikwenda. Niliwaambia watu nafuata ngozi za mbuzi. Siku mbili kwenye pikipiki, na lile daraja nilivuka kwa miguu.

Kabambare nilimkuta kwenye mashine ya kusaga mihogo. Ndiyo kazi yake sasa. Magari hagusi, hata pikipiki hagusi. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Alikuwa amekaa kwenye ubao nje ya kibanda, anasafisha chujio, na mama mmoja alikuwa anamimina mihogo.

"Mukono usifike hapa," alimwambia, kwa sauti ya kupasua. Nilishtuka. Sikuwahi kumsikia hivyo. "Umesikia? Mukono usifike hapa kwenye mukanda. Nimesema nini?"

"Umesema mukono usifike kwenye mukanda, Fundi."

"Rudilia."

Mama akarudilia, akinitazama mimi kwa jicho la kusema, huyu mzee ndivyo alivyo. Baadaye aliniambia wanamdhania kiziwi.

Alinitambua mara moja. Tulisalimiana kwa watoto, kwa wake, kwa wagonjwa wa Kasongo na wafu wa Kasongo. Nikabaki nimesimama.

"Fundi, kuko neno nimebeba."

"Tua."

"Siku ile kwa chefu nilisema sikusikia. Ilikuwa kweli. Lakini niliona mudomo wako unatembea, pale dirishani. Hiyo sikusema. Hawakuniuliza, nikanyamaza."

Aliweka chujio chini. Mashine ilikuwa inaunguruma, naye akaongea juu ya muungurumo, kila neno likaja zima.

"Nilikuwa namwambia ile kioo ya mulango. Ilikuwa inashuka yenyewe. Nilimwambia aisukume na kiganja."

"Na freni?"

"Freni sikumwambia." Mama wa mihogo aligeuka. Hakujali. "Sikumwambia. Hapa kwetu nani anaambiwa freni ya mukono haifanye kazi? Ni kama kumwambia mutu moto unachoma. Sikuwaza ya kwamba kuko mutu asiyejua. Mbele ya chefu nikasema nilimwambia, na siku ile niliamini. Nilikumbuka dirisha, nikakumbuka naongea. Ilichukua mwaka mzima mpaka ile kioo ikarudi kichwani."

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, ingawa ni aibu. Nilifurahi. Kitu kiliteremka kutoka shingoni kwangu, nikaona nilikuwa sawa toka mwanzo, sikumwonea, neno ambalo sikulisikia halikusemwa. Nilikuwa karibu kucheka. Pengine uso wangu ulicheka bila mimi kujua, kwa maana alinitazama kwa muda.

"Weye ulishona ile ngozi," akasema.

"Ndiyo, miye."

"Shimo ulikuwa umeliona. Kabule uliiona."

"Niliiona."

"Yule shofere alikaa kwenye kiti, akakusemesha weye kwanza. Mashine yako ilikuwa bado kuanza kutembea."

Halafu akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alirudi kwenye sauti yake ya zamani, nikalazimika kuinama nisikie.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aksanti," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo. Akaokota chujio, akasogea mwisho wa ubao, akaacha nafasi ya mtu mmoja.